Santuri ya Kwanza ya Mwaka

Gachanja alikuwa fundi cherehani, na cherehani ndiyo iliyomlisha, lakini ukimuuliza yeye ni nani angekwambia ni mtu wa santuri. Kila Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi alizitoa santuri zote alizonunua mwaka huo, akazifuta moja moja kwa kitambaa laini, akazipanga kitandani, kisha akachagua tano zilizomkuna roho kuliko zote. Tano tu, hata kama ya sita inalia. Alasiri watu walikuja na vigoda vyao wakajaa uani, naye akazipiga kutoka ya tano kwenda ya kwanza. Ya kwanza yenyewe hakuna aliyeijua mpaka sindano imeigusa. Mke wake, Wangu, aliuita mchezo huo ugonjwa, lakini ndiye aliyewapikia chai.

Usicheke. Lokesheni ya Nakuru, mtaa wa Waafrika, ilikuwa na watu wa reli, wapakiaji wa maghala ya mahindi, wapishi wa Wazungu wa Njoro na Molo, na wote hao walibishana bombani wiki nzima kuhusu santuri ipi itashika ya kwanza. Kulikuwa na sheria zake pia. Kwa santuri ya kwanza Gachanja alifungua sindano mpya, na hapo ukikohoa umejiharibia. Mwaka mmoja mzee wa watu alikohoa gitaa likiwa limepamba moto. Gachanja akainua sindano, akamwambia, "Kohoa, mzee. Kohoa umalize, tutakungoja." Maskini mzee akakohoa mbele ya umati mzima, ndipo santuri ikaanzwa upya.

Lakini hayo yalikuwa kabla ya Imajensi, serikali ya Wazungu ilipotangaza hali ya hatari. Kufikia mwaka wa 1953 hakukuwa na wa kucheka hovyo. Mkikuyu alitembea na pasi, kibali chake cha kutembea, kifuani, na hata ukiwa nayo, ukiona tu kofia ya askari ulivuka barabara. Watu watatu wakisimama kusalimiana, wa nne alipita mbali. Malori yalipita yamejaa familia nzima nzima, akina mama, watoto, kuku waliofungwa miguu, wanarudishwa rizavu, maeneo waliyotengewa Wakikuyu, ambako wengine hawakuwahi kukanyaga tangu wazaliwe. Gachanja mwenyewe alizaliwa shambani kwa Mzungu huko Elburgon. Rizavu aliijua kwa masimulizi tu. Wangu alikuwa na mimba kubwa, na binti yao Wachuka alikuwa mdogo bado. Gachanja akichukuliwa leo, hao wawili wangepakiwa kesho, wakatupwe mahali wasipo na hata shangazi. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi.

Na pamoja na hofu yote hiyo, mtu huyu alikuwa na ile santuri.

Aliinunua Februari kwa haki yake, duka la Mhindi la barabara kubwa, mchana kweupe. Mwimbaji alikuwa kijana wa Subukia aitwaye Ndegwa, yeye na kodiani yake, na mwenzake wa kugonga karing'aring'a, ile pete ya chuma ya kushikia mapigo. Wimbo ulikuwa wa mtu anayemtafuta ng'ombe wake aliyepotea. Anatembea, anauliza watu, mwishowe anamkuta akila majani kwenye shamba la baba yake mwenyewe, ila sasa limezungushiwa ua na mtu mwingine. Basi. Serikali ikautegea sikio, ikaamua kwamba huyo ng'ombe ana siasa. Julai, gari la kipaza sauti likapita lokesheni likitangaza kuwa santuri hiyo na za aina yake ni marufuku. Mwenye nayo aivunje. Atakayepatikana nayo atakwenda kizuizini, na asitegemee kuulizwa mara mbili.

"Ivunje," Wangu akasema hata kabla gari halijapinda kona. "Sasa hivi, Baba Wachuka."

"Nitaivunjia nje. Vigae visije vikamkata mtoto."

Akatoka nayo, akarudi mikono mitupu, akasema ameivunja na kuitumbukiza chooni. Uongo mtupu! Alikuwa ameichomeka juu kati ya mabati ya jiko lililotumiwa na wapangaji wote wa ploti.

Sasa wewe sema, mtu mwenye mke na mtoto, mwenye akili zake, hufanyaje jambo kama hilo? Alikuwa mwoga, tena mwoga wa kweli, wala hakuwa na siasa yoyote. Lakini baada ya ubeti wa pili kodiani ilinyamaza, karing'aring'a ikabaki peke yake, ikagonga, ikagonga, mpaka ukadhani mpiga kodiani amekwenda zake nyumbani. Halafu ikarudi kutoka mahali ambapo hukuitazamia kabisa. Kila ilipofika hapo vinyweleo vilimsimama Gachanja. Alijaribu kuivunja, kweli alijaribu, aliiweka juu ya goti. Mkono ukakataa.

Aliyejua siri hiyo alikuwa mmoja tu, Kahiga, mwokaji mikate, rafiki yake tangu wakichunga kondoo wa Mzungu pamoja. Kila asubuhi Kahiga alipita na mkate uliopasuka, ule usiouzika, akaugonga dirishani kwa Gachanja. Na alikuwa na kituko chake: hakuweza kusikia muziki kichwa kikatulia. Alitikisa shingo nzima, tena kwa kuchelewa, nyuma ya pigo kidogo kila mara, na penye utamu alitikisa mara mbili kwa haraka kama kuku anayedonoa. Watu uani walikuwa wakimtania, "Kahiga, hiyo shingo itakatika!" Naye hujibu, "Mimi nimetulia, ni yenyewe." Na kweli, ilikuwa ni yenyewe. Kanisani alikaa nyuma kabisa kwa ajili ya aibu hiyo.

Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi ikafika. Uani hakukuwa na kigoda hata kimoja. Wangu alikuwa amekwenda na Wachuka kanisani kwenye mkutano wa akina mama. Gachanja alifunga mlango, akaziba tundu la gramafoni kwa soksi, akaifunika kwa blanketi, na yeye na Kahiga wakaingiza vichwa vyao chini ya blanketi hilo, watu wazima na ndevu zao.

"Ya tano," Gachanja akanong'ona. Ilikuwa ya Mkamba mmoja na gitaa lake, akimlalamikia mwanamke aliyehamia Nairobi. Ya nne ilikuwa ya mama wa Mombasa mwenye sauti nyembamba na fidla nyuma yake. Ya tatu ilikuwa ya wasichana wa Kipsigis na kinanda cha nyuzi, ya pili rumba ya watu wa mbali waliokuwa wakiimba lugha ambayo hakuna aliyeijua Nakuru nzima.

"Hapo umekosea," Kahiga akanong'ona. "Wasichana walistahili ya pili."

"Santuri ni zangu."

"Masikio ni yetu sote, bwana."

Wakabishana kwa minong'ono mpaka karibu wasahau wako wapi. Kisha nyayo zikapita nje, karibu na mlango. Gachanja akaishika sahani ya gramafoni isizunguke. Nyayo zikaendelea. Alikuwa Peterson tu, mwalimu wa kwaya wa chumba cha pili, akienda bombani na ndoo huku akipiga mluzi wa wimbo wa kanisa.

"Tuache," Gachanja akasema. "Tano si lazima mwaka huu. Nne zinatosha."

"Mwaka gani uliwahi kuwa na nne?" Kahiga akamwangalia. Hakuwa anacheka. "Fungua sindano."

Gachanja akafungua sindano mpya. Chini ya blanketi, sauti ya Ndegwa ilitoka ndogo kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Wakaisikiliza jasho likiwatoka. Ubeti wa kwanza, wa pili, kodiani ikanyamaza, karing'aring'a ikabaki. Kodiani iliporudi, paji la uso la Kahiga likamgonga Gachanja mara mbili, maana shingo ilikuwa imeanza kazi yake. Walicheka bila sauti mpaka machozi. Jua likiwa juu bado, Kahiga akavaa koti lake, akamshika bega, akaondoka ili afike kwake mapema kabla ya saa ya kafyu.

Hapo ndipo Gachanja alipofanya kosa, kosa ambalo mtu asiye wa santuri asingelifanya katu. Mchana ule alipoitoa santuri juu jikoni aliikuta ina joto. Desemba ile jua liliyachoma mabati, chini moto wa kuni, na santuri ikipata joto hupinda, na iliyopinda haina dawa. Mwingine angesema acha ipinde. Yeye akasema, siwezi kuiua hivi. Akaizungusha kipande cha koti kuukuu la mvua, akaipeleka bombani, akainua lile jiwe bapa la kusimamishia ndoo, akailaza chini yake penye ubaridi. Akarudi ndani ameridhika kabisa.

Jumatatu mkate haukuja.

Gachanja alikaa dirishani mpaka chai ikapoa. Jumanne pia haukuja. Mchana akasikia kutoka kwa mpakiaji mmoja kwamba Kahiga alikamatwa Jumapili njiani akienda kwake. Muhuri wa pasi ulikuwa umepitwa na wakati, wakamtia garini, na tangu hapo hakuna aliyemwona. Gachanja alirudi kwenye cherehani akashona mguu wa suruali ukafungwa kabisa chini. Alijaribu kujiambia kwamba pasi ni jambo dogo. Halafu akawaza jinsi mtu anavyoulizwa huko ndani, na anavyoulizwa tena, akaona aache kuwaza.

Jumatano askari walikuja kupekua ploti. Walipindua vitanda, wakachoma magodoro kwa vyuma, hawakuona kitu. Walipokuwa wakiondoka, mmoja akaenda bombani kuosha buti. Akakanyaga lile jiwe bapa, likacheza chini ya mguu wake.

Wakaliinua, wakaifungua ile santuri palepale mbele ya watu wote. Bomba lilikuwa la wote, kwa hiyo halikuwa la mtu. Lakini Wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na Wachuka mgongoni, hakuitazama santuri. Alikitazama kile kipande cha koti la mvua. Kisha akamtazama mumewe.

Askari walipokwisha kwenda, aliingia ndani, akalitoa lile koti lenyewe chini ya kitanda, likiwa halina mkono mmoja, akalitia lote motoni. Moshi mweusi ukajaa jiko.

"Ulisema chooni," akasema.

"Mama Wachuka..."

"Ulisema chooni! Ulinitazama hivi machoni ukasema chooni." Alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili. "Ngai, Mungu wangu, nimeolewa na mwendawazimu. Wakikuchukua mimi nitazalia wapi? Kwenye lori?"

Gachanja alikaa sakafuni akamshika mguu, naye Wangu akauvuta mguu wake, kisha baada ya muda akaurudisha.

Alhamisi asubuhi mkubwa wa lokesheni alipita na askari akiita wanaume wote wenye gramafoni. Hakuhitaji kupekua, alikuwa amekunywa chai nyumbani kwa kila mmoja wao na kuziona. Wakapelekwa uwanja wa mpira, wanaume kama kumi hivi, wakaketishwa chini mikono kichwani. Katikati ya uwanja palikuwa na meza, juu ya meza gramafoni iliyotolewa mkahawani, na kando ya gramafoni santuri ya Ndegwa. Inspekta, Mzungu kijana mwenye pua iliyobabuka na jua, alikuwa akitembea huku na huku. Lori lilisimama nyuma likiwa wazi.

Na kwenye kiti mbele ya meza alikaa mtu aliyevikwa gunia kuanzia kichwani hadi kiunoni, lina matundu mawili ya macho. Wakikuyu walimwita gakunia, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kazi yake. Unasimamishwa mbele yake. Akitulia, umepona. Akitikisa kichwa, unapanda lori.

Sajini Kipketer ndiye aliyekuwa akitafsiri. Huyo walimfahamu. Zamani, watu walipokuwa wakijaa uani kwa Gachanja, alikuwa akisimama langoni na baiskeli yake, akijifanya analinda amani, na santuri za wasichana wa Kipsigis zikipigwa alikuwa haondoki.

"Huyu mtu anamjua mwenye santuri," Sajini akasema. Hakumwangalia yeyote usoni. "Mtapita mmoja mmoja."

Hakuna anayejua, Gachanja alijiambia, hakuna anayejua isipokuwa Kahiga, na Kahiga... Hapo aliikata fikira yake mwenyewe kama uzi.

Wakapita. Zamu ya Gachanja ilipofika alisimama mbele ya gunia, akayaona matundu mawili. Nyuma ya tundu moja kulikuwa na jicho, nyuma ya la pili palikuwa pamevimba tu. Jicho lilimtazama. Gunia halikusogea. Gachanja akarudi kuketi, na jasho lilimtiririka mpaka mkandani. Wote walipita, na gunia halikutikisika kwa mtu hata mmoja.

Inspekta akatukana kwa lugha yake. Akaongea kwa haraka, akionyesha gramafoni kwa fimbo yake.

"Bwana anasema mtapita tena," Sajini akatafsiri, "na santuri itapigwa. Anasema mwenye nayo ataonekana tu."

Mzungu huyo alijiona mjanja kweli. Akazungusha mkono wa gramafoni yeye mwenyewe, akaweka sindano, na sauti ya Ndegwa ikatoka wazi, kubwa, bila soksi wala blanketi, ikaenea uwanja mzima. Miezi mitano hakuna aliyeisikia hivyo. Wanaume wote waliangalia chini, wakawa mawe.

Wa kwanza kusimamishwa alikuwa Peterson, mwalimu wa kwaya, ambaye maisha yake yote hakuwahi kununua santuri isiyo ya kanisa. Alisimama ameshika kofia kifuani. Na gunia likatikisika.

Lilitikisika kidogo, likatulia kana kwamba limejizuia, kisha likatikisika tena. Askari wawili wakamkamata Peterson makwapani.

"Mimi?" Peterson akasema. "Jamani, mimi? Sajini, wewe unanijua mimi!"

Walimtupa ndani ya lori. Gachanja alikuwa amekodoa macho kwenye gunia. Sasa alisimamishwa mzee wa reli, na gunia likaendelea, likitikisika nyuma ya pigo, kwa kuchelewa kidogo, kila mara kwa kuchelewa kulekule. Gachanja aliijua ile shingo. Angeijua popote pale, ndani ya gunia, ndani ya kaburi.

Kahiga hakuwa akimtaja mtu. Kahiga alikuwa akisikiliza santuri. Siku zote hizo hakulala, alikuwa amepigwa, na ile shingo yake, ambayo hata kanisani ilimshinda, ingemshindaje leo? Uwanja mzima, Gachanja alidhani, ni yeye peke yake aliyeelewa hivyo. Ilitosha ainuke aseme, bwana, huyo anafuata ngoma, hamtaji mtu. Peterson angeshuka. Mzee wa reli, aliyekuwa sasa akiburutwa viatu vikimvuka, angeshuka. Lakini wangemuuliza, wewe umejuaje? Umeisikiliza naye wapi? Gachanja aliufungua mdomo. Aliliona akilini tumbo la Wangu, akaliona lori. Akaufunga.

"Wewe. Simama."

Alikuwa ni yeye sasa. Sijui alifikaje, miguu haikuwa yake. Alisimama mbele ya gunia, karibu kiasi cha kusikia pumzi ya mtu ndani yake. Ubeti wa pili ulikuwa ukimalizika. Gachanja aliijua santuri hiyo kuliko alivyoyajua maombi yake, na alijua kinachokuja. Kodiani ikanyamaza. Karing'aring'a ikabaki peke yake, ikagonga, ikagonga. Hapo mbele kodiani ingerudi, na kodiani ikirudi Kahiga hutikisa mara mbili, na hakuna siku iliyowahi kupita asitikise. Gachanja alifumba macho. Alimwomba Mungu sindano ikatike. Alimwomba santuri ipasuke vipande elfu mbele ya macho yake, yeye aliyeshindwa kuivunja juu ya goti.

Kodiani ikarudi.

Alipofumbua macho, gunia lilikuwa limefura pande zote mbili. Kahiga alikuwa ameinua mikono yake humo ndani, amekikamata kichwa chake mwenyewe kwa viganja viwili, anakibana kwa nguvu zote. Viwiko vilitetemeka ndani ya nguo ya gunia. Kichwa hakikusogea hata unywele mmoja.

Inspekta akainua sindano.

"Bwana," Sajini Kipketer akasema polepole, "huyu alikuwa anafuata ngoma. Hakuwa anaonyesha mtu."

Inspekta alimtazama Sajini, akalitazama gunia, akamtazama Gachanja. Hakuwa mpumbavu. Alilivuta gunia likatoka, na uso wa Kahiga ukabaki juani, umevimba, mdomo umepasuka, nywele zimejaa vumbi la nyuzi. Mzungu akamnyoshea Gachanja fimbo, na swali lake halikuhitaji kutafsiriwa, lakini Sajini alilitafsiri.

"Unamjua huyu?"

Kahiga aliinua jicho lake moja. Walikuwa wameketi chini ya blanketi moja Jumapili tu. Gachanja alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka nyembamba na ya haraka, sauti ya mtoto aliyekamatwa akiiba sukari.

"Simjui, Bwana. Sijawahi kumwona."

Sajini Kipketer, aliyewaona wawili hao bega kwa bega miaka nenda miaka rudi pale uani, alikohoa kidogo, akaangalia buti zake.

"Na wewe," Inspekta akauliza kupitia kwake, "kwa nini uliacha kutikisa alipokuja huyu? Kwa nini ulishika kichwa?"

Kahiga alilamba mdomo wake uliopasuka. Alimwangalia Gachanja, si kwa hasira. Afadhali ingekuwa kwa hasira.

"Nilikuwa nazuia kikohozi, Bwana," akasema.

Inspekta hakuelewa. Alitafsiriwa, bado hakuelewa, akampiga kofi. Kisha akaichukua santuri ya Ndegwa, akaivunja juu ya ukingo wa meza, na vipande vikaanguka kwenye majani. Kahiga akapandishwa lori pamoja na Peterson na mzee wa reli. Sajini aliuliza jambo fulani kwa sauti ya chini, akiwaonyesha wale wawili wa kwanza, na Inspekta akapunga mkono tu. Waliokwisha kupanda walikuwa wamekwisha kupanda. Lori likaondoka kupitia njia ya maghala.

Waliobaki, pamoja na Gachanja ambaye gunia lilitulia mbele yake, wakaambiwa waende makwao.

Wangu alikuwa amesimama mlangoni tangu asubuhi. Alipomwona anakuja kwa miguu yake mwenyewe alilia kwa sauti, akamshika uso, akamshika mabega, akamkagua kama mtu anayekagua nguo iliyotoka kwa dobi. "Asante Mungu," alisema. "Asante Mungu, Baba Wachuka. Nani alikuwa ndani ya gunia?"

"Sikumjua," Gachanja akasema.

Alikaa kitandani. Chumba cha pili, Mugure, mke wa Peterson, alikuwa ameanza kulia, na majirani walikuwa wakiingia mmoja mmoja. Wangu akatoka kwenda kumshika mkono. Wachuka alibaki sakafuni akicheza na kijiko na kifuniko cha sufuria. Aligonga, akagonga tena, mtoto tu, hajui analofanya, anagonga kama karing'aring'a.

Na kichwa cha Gachanja kikaanza chenyewe. Hakukitaka. Kilianza tu, kwa kuchelewa kidogo, nyuma ya pigo. Akainua mikono miwili, akakikamata, akakibana mpaka masikio yakauma.

Hivyo ndivyo Wangu alivyomkuta aliporudi.

"Kichwa kinakuuma?" akauliza.

"Kinauma," Gachanja akasema. "Mnyang'anye mtoto hicho kijiko."